Birika la Bethzatha: Anachokikuta hujaji wa Mbulu na Hanang

MIONGONI mwa mahali panapotajwa katika Biblia kuwa pa uponyaji, ni pachache ambapo mtu anaweza kufika leo, akasimama ukingoni na kuyaona mawe ya kale kwa macho yake. Birika la Bethzatha, lililoko ndani ya kuta za mji wa kale wa Yerusalemu, ni mojawapo.

Kwa Wakristo wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, birika hilo lina sababu zaidi ya moja ya kujulikana. Habari zake husomwa makanisani. Walinzi wake ni shirika lile lile la wamisionari lililofika katika nyanda za juu za Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20. Na swali lililoulizwa kando yake, iwapo mgonjwa anataka kuwa mzima, hujirudia katika kaya yoyote inayolazimika kuchagua kati ya hospitali, mganga na safari ya imani.

Makala haya yanaeleza birika hilo ni nini, limepitia mikono ya nani, na ni mambo gani mgonjwa anayefikiria kwenda huko hana budi kuyajua kabla hajauza ng'ombe wake kwa ajili ya nauli.

Habari za Injili

Masimulizi yenyewe yamo katika sura ya tano ya Injili ya Yohana. Yesu alipanda kwenda Yerusalemu wakati wa sikukuu. Karibu na Mlango wa Kondoo palikuwa na birika lenye matao matano, na chini ya matao hayo walilala wagonjwa wengi: vipofu, viwete na waliopooza.

Mmoja wao alikuwa ameugua kwa muda wa miaka 38. Yesu alipomwuliza kama anataka kupona, mtu huyo hakujibu ndiyo wala hapana. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani maji yanapotibuliwa, na kwamba kila anapojikokota, mwingine humtangulia. Ndipo alipoamriwa asimame, ajitwike godoro lake na kwenda zake. Kwa kuwa siku ile ilikuwa Sabato, jambo hilo lilizusha mgogoro mkubwa na viongozi wa dini.

Ikumbukwe kuwa maelezo ya malaika kushuka na kuyatibua maji, na ya mtu wa kwanza kuingia kuponywa, yamo katika mstari wa nne. Mstari huo haumo katika nakala za mkono zilizo za kale zaidi za Injili hiyo, na ndiyo maana Biblia nyingi za siku hizi huuweka ndani ya mabano au katika tanbihi.

Jina lenyewe pia hutofautiana. Ziko nakala zinazoandika Bethzatha, nyingine Bethesda na nyingine Bethsaida. Jina la Bethesda hufafanuliwa na wengi kuwa ni nyumba ya rehema, na kwa sababu hiyo limepewa hospitali na makanisa katika nchi nyingi duniani.

Yaliyofukuliwa chini ya ardhi

Kwa karne kadhaa mahali halisi pa birika palisahaulika. Mahujaji walionyeshwa hodhi jingine, lililoitwa Birket Israil, upande wa kaskazini wa eneo la Hekalu. Wapo pia wasomi waliodai kwamba birika la matao matano halikuwahi kuwapo, na kwamba mwandishi wa Injili aliyataja matao hayo kama fumbo la vitabu vitano vya Musa.

Hali ilibadilika mwishoni mwa karne ya 19, pale masalio ya mahodhi yalipoanza kuonekana katika uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Anna. Kazi ya kufukua ilifanywa kwa upana zaidi kuanzia miaka ya 1950, na ndipo ilipobainika kwamba hapakuwa na hodhi moja, bali mawili makubwa yaliyopakana, kaskazini na kusini, yakitenganishwa na ukuta mpana wa mawe.

Ugunduzi huo uliipa hesabu ya Injili maana iliyo wazi. Matao manne yangeweza kuzunguka pande nne, na la tano kukaa juu ya ukuta wa katikati. Aidha, hujaji kutoka Bordeaux, nchini Ufaransa, aliyefika Yerusalemu mwaka 333, alikwisha kuandika kuhusu mahodhi pacha yenye matao matano.

Mahodhi hayo yalichimbwa kwa vipindi tofauti. La kaskazini ndilo la kale zaidi na lilitumika kukinga maji ya mvua yaliyoteremka katika bonde dogo. La kusini huhusishwa na wakati wa Kuhani Mkuu Simoni, yapata mwaka 200 kabla ya Kristo, ambaye kazi yake ya kuchimba hodhi inasifiwa katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 50. Baadhi ya wataalamu, kwa kuzitazama ngazi za hodhi hilo, wanaona kuwa lilitumika kwa kutawadha kwa taratibu za Kiyahudi.

Upande wa mashariki wa mahodhi hayo zilipatikana pia pango na bafu ndogo zilizochongwa mwambani. Baada ya Kaisari Hadriano kuujenga upya mji huo kama koloni la Kirumi katika karne ya pili, mahali hapo pakawa patakatifu pa miungu ya tiba. Miongoni mwa vitu vilivyookotwa ni mguu wa marumaru wenye jina la mwanamke wa Kirumi, Pompeia Lucilia, unaodhaniwa kuwa ni sadaka ya shukrani ya mtu aliyepona.

Hivyo, Bethzatha ni mahali ambapo Wayahudi, wapagani wa Kirumi na Wakristo wote waliwahi kuleta wagonjwa wao au kumbukumbu za wagonjwa wao.

Kanisa, madrasa na Mapadri Weupe

Katika karne ya tano Wakristo walijenga kanisa kubwa juu ya ukuta wa katikati, huku nguzo za matao marefu zikishuka hadi ndani ya mahodhi. Kanisa hilo liliharibiwa Waajemi walipouteka mji mwaka 614, na lililobaki likabomolewa katika karne ya 11.

Wapiganaji wa Msalaba walijenga kikanisa kidogo juu ya magofu, na kando yake wakasimamisha Kanisa la Mtakatifu Anna, katika miaka ya 1130. Mapokeo husema kwamba hapo palikuwa nyumbani kwa Anna na Yoakimu, wazazi wa Bikira Maria. Baada ya Salahuddin kuutwaa mji mwaka 1187, kanisa halikubomolewa. Liligeuzwa kuwa madrasa, na maandishi ya Kiarabu ya mwaka 1192 yanasomeka hadi leo juu ya mlango wake mkuu.

Mwaka 1856, baada ya Vita vya Krimea, Sultani wa Uturuki aliikabidhi Ufaransa jengo hilo. Mwaka 1878 ulinzi wake ukakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao watu wa kwetu wanawaita Mapadri Weupe kutokana na kanzu zao. Shirika hilo lilianzishwa na Charles Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868.

Ni mwaka huo huo wa 1878 ambapo msafara wao wa kwanza ulitua pwani ya Afrika Mashariki na kuelekea bara, kwenye Maziwa Makuu. Kizazi kimoja baadaye walikuwa wamefika Mbulu. Eneo hilo lilifanywa kuwa jimbo la kimisionari lenye mamlaka yake mwaka 1943 na kupandishwa kuwa Jimbo Katoliki la Mbulu mwaka 1953, likiongozwa wakati huo na Askofu Patrick Winters wa shirika la Wapalotini, ambao walikwisha kuipokea kazi hiyo.

Kwa hiyo Mkatoliki wa Mbulu anayeingia katika uwanja wa Mtakatifu Anna haingii nyumba ya wageni kabisa. Anaingia kwa watu waliowahi kufika kijijini kwa babu yake.

Maji na pepo katika mila za huku

Mtu wa Mbulu hahitaji kufafanuliwa sana kuhusu maji yenye nguvu isiyoonekana. Katika imani za jadi za Wairaqw, Looa, anayehusishwa na jua, ndiye chanzo cha wema na uhai, ilhali pepo wa ardhini wanakaa katika chemchemi na vijito. Mtu aliyeugua ghafla baada ya kupita mtoni aliweza kudhaniwa kuwa ameguswa na pepo hao, na wazee walifanya tambiko kando ya maji ili kuwatuliza.

Hapo pana tofauti ya kuvutia. Kwa Wayahudi waliolala chini ya matao, kutibuka kwa maji kulikuwa ni dalili ya neema. Kwa mzee wa Kiiraqw, maji yanayotibuka yenyewe yangekuwa sababu ya kuwaita watoto warudi nyumbani.

Wairaqw walikuwa pia na utaratibu wa metimani, yaani kutengwa kwa muda kwa mtu au kaya iliyopatwa na kifo au mkosi fulani, ili balaa lisienee. Anayelijua hilo huielewa kwa urahisi hali ya mtu wa Bethzatha, aliyezungukwa na umati kwa miaka mingi na bado hana mtu.

Wala si jambo geni huku kutafuta tiba mbali. Wazee wa Kiiraqw wamesafiri tangu zamani kwenda hata Ihanzu, mkoani Singida, kutafuta mvua na dawa. Imani kwamba uwezo mkubwa unakaa mbali na nyumbani, kwa watu wa lugha nyingine, ni ya kale kuliko kanisa.

Funzo la Samunge

Imani hiyo ilidhihirika kwa namna ya pekee mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, eneo la Loliondo, wilayani Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapile, alitangaza kuoteshwa na Mungu dawa ya mizizi ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja kiliuzwa Sh500, na kilidaiwa kuponya kisukari, saratani, shinikizo la damu na hata Ukimwi.

Maelfu kwa maelfu ya watu kutoka mikoa yote, Manyara ikiwamo, na kutoka nchi jirani walifunga safari. Foleni ya magari ilifikia urefu wa kilomita nyingi katika barabara mbovu, pasipo vyoo wala maji ya kutosha. Wagonjwa waliotolewa hospitalini wakiwa mahututi walifia njiani, na vifo zaidi ya 50 viliripotiwa katika kipindi kifupi.

Wapo waliorudi wakisema wamepata nafuu. Wapo pia walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kwa kuamini kwamba wamepona, nao walijiweka katika hatari kubwa. Hakuna uthibitisho wa kitabibu uliopata kuonyesha kwamba kikombe kile kiliponya Ukimwi. Mchungaji Mwasapile alifariki dunia Julai 2021, na Samunge ikarudi katika utulivu wake.

Anayelinganisha Samunge na Bethzatha ataona foleni mbili zinazofanana. Katika zote, mwenye nguvu au mwenye gari alitangulia, na asiye na mtu alibaki nyuma.

Birika lililo karibu

Wakati watu wakisafiri kwenda mbali, wilaya ya Mbulu ina mahali pake ambapo wagonjwa hufika kutoka mbali. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianzishwa na wamisionari kutoka Norway mwaka 1955, na sasa iko chini ya KKKT Dayosisi ya Mbulu. Ina vitanda zaidi ya 400, na huwahudumia watu wa Mbulu, Hanang, Iramba, Mkalama na kwingineko, wakiwamo Wadatoga na Wahadzabe.

Kwa miaka mingi wagonjwa walifikishwa huko kwa machela ya miti mabegani mwa majirani, au kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mama mwenye uchungu wa kuzaa katika kijiji cha bondeni wakati wa masika aliokolewa au kupotea kwa kutegemea jambo moja: kama palikuwa na wanaume wanne wa kumbeba.

Desemba 3, 2023 hali hiyo ilionekana tena kwa ukubwa wa kutisha, pale mvua iliposababisha tope, mawe na magogo kuporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Walionusurika walichimbuliwa na mikono ya majirani kabla ya mitambo kufika.

Msiba wa namna hiyo huzua swali la kale, iwapo waliokufa walikuwa na dhambi kuliko wengine. Injili ya Luka, sura ya 13, inawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, mahali ambapo hujaji hupelekwa baada ya Bethzatha. Yesu alikanusha kwamba watu hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Jibu hilo linafaa kusomwa Katesh.

Safari yenyewe ilivyo

Hujaji huingia Bethzatha kupitia Lango la Simba, upande wa mashariki wa mji wa kale. Hatua chache baada ya lango, mkono wa kulia, upo mlango wa uwanja wa Mtakatifu Anna, ambako hulipwa kiingilio. Njia ya Msalaba huanzia karibu na hapo, hivyo makundi mengi huunganisha ziara hizo mbili.

Ndani ya kanisa, kuta nene za mawe huzirudisha sauti kwa namna ya ajabu. Ni desturi kila kundi kuimba wimbo mmoja kwa lugha yake, na kwaya ndogo ya watu sita husikika kama kwaya ya watu sitini. Kisha hujaji hutoka nje na kulitazama shimo la birika, ambalo kina chake huwashangaza wengi.

Hapa ndipo baadhi ya wagonjwa huvunjika moyo. Hakuna maji ya kuoga. Hakuna anayepaka mafuta wala kugawa chupa. Kilichopo ni magofu yaliyopandana ya vipindi mbalimbali, ngazi zenye mteremko mkali, na majani yanayoota katika nyufa. Mtu mwenye miguu dhaifu anaweza kulazimika kuyatazama yote hayo kutoka juu, na ni vema alijue hilo mapema.

Birika la Siloamu, ambako kipofu wa sura ya tisa ya Yohana alitumwa kunawa, liko kusini, nje ya kuta za sasa. Ngazi za birika la wakati wa Yesu zilionekana mwaka 2004 mafundi walipokuwa wakishughulikia bomba la majitaka. Maji yake hutoka chemchemi ya Gihoni kwa kupitia handaki la zaidi ya nusu kilomita, linalohusishwa na Mfalme Hezekia.

Anayekusudia kusafiri azingatie kwanza usalama. Tangu mashambulizi ya Oktoba 7, 2023 na vita vilivyofuata, ambapo vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa mafunzoni ya kilimo nchini Israeli nao waliuawa, makundi mengi ya mahujaji yalifuta safari. Ushauri wa Wizara ya Mambo ya Nje, na wa ubalozi wa Tanzania uliofunguliwa Tel Aviv mwaka 2018, uulizwe kabla ya kulipa fedha yoyote kwa wakala.

Pili, mwenye maradhi ya kudumu amwone daktari wake kabla ya kuondoka, achukue dawa za kutosha siku zote za safari na chache za akiba, azibebe katika vifungashio vyake pamoja na barua ya daktari, na asiziache hata siku moja. Kupanda na kushuka ngazi juani kwa mtu wa shinikizo la damu au kisukari si jambo dogo.

Tatu, gharama. Kwa familia ya mkulima au mfugaji, nauli ya mtu mmoja inaweza kumaliza akiba ya miaka. Endapo lengo ni kuimarisha imani, kila mtu atajipimia mwenyewe. Lakini endapo lengo ni kutibu ugonjwa wenye dawa Haydom, Katesh au Mbulu mjini, fedha hizo zina kazi ya karibu zaidi.

Asiye na mtu

Wahubiri wamelieleza birika hili kwa njia nyingi. Hata hivyo, jambo moja li wazi katika masimulizi yenyewe: mtu yule hakuponywa na maji. Hakuyagusa hata mwisho. Kilichokuwa kimekosekana kwa miaka 38 ni mtu wa kumsogelea, kumwuliza hali yake na kumsikiliza.

Hujaji anayerudi Dongobesh au Bassotu akiwa na picha za magofu na jiwe dogo la kumbukumbu mfukoni amerudi na kitu. Lakini katika kila kijiji cha wilaya hizi yuko mgonjwa aliyelala nyumbani, ambaye tarehe yake ya kliniki imepita kwa sababu hakupata wa kumpakia kwenye pikipiki. Kumfikisha huyo hospitalini hakuhitaji hati ya kusafiria.